Akiba ya intaneti huoza isipojaribiwa

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Sina nia ya kubishana nao, maana walizungumzia mali iwekwayo kibindoni. Hata hivyo, ipo akiba moja ya zama zetu ambayo nimeishuhudia ikioza huku wenyewe wakiilipia kila mwezi, nayo ni laini ya pili ya intaneti katika taasisi zetu za elimu.

Muhula uliopita nilikuwa nikisimamia mtihani wa fonolojia uliofanywa kwa njia ya mtandao. Wanafunzi walikuwa wamefikia swali la tatu kompyuta zote zilipokwama. Nilipouliza, nikaambiwa nisihofu kwa kuwa laini ya akiba ipo. Ilikuwapo kweli, lakini ilihitaji mtu wa kuchomoa waya mmoja na kuchomeka mwingine. Ufunguo wa chumba chenye mitambo alikuwa nao fundi mmoja tu, naye alikuwa ameenda matangani. Ufunguo ulipopatikana, dakika 50 zilikuwa zimepita na muda wa mtihani ulikuwa umekwisha.

Mtihani ulirudiwa baada ya majuma sita. Hata hivyo, binti mmoja alitakiwa kuwasilisha matokeo yake kwa wafadhili kabla ya muda huo. Wafadhili hawakungoja. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mimi si mhandisi bali ni mwanaisimu. Lakini lugha yenyewe imenifunza umuhimu wa akiba. Chukua sentensi hii: Vitabu vyangu viwili vipya vimepotea. Alama ya ngeli imejitokeza mara tano. Mwanafunzi asiyetafakari atasema huko ni kurudiarudia bure. La hasha! Kelele ya darasani ikimeza silabi moja, zilizosalia humfahamisha msikilizaji kwamba kinachozungumziwa ni vitu vingi vya ngeli ile ile. Tena msikilizaji hasiti wala haiti fundi, bali akili yake hujaza pengo papo hapo. Mmarekani Claude Shannon, katika nadharia yake ya mawasiliano ya mwaka 1948, alionyesha kuwa ziada ya namna hii ndiyo huuwezesha ujumbe kufika salama penye kelele.

Ruta, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wa shule na ulimwengu wa nje, inaweza kufanya vivyo hivyo. Huunganishwa na laini mbili, kisha kila laini hupewa nambari ya kipaumbele. Kila baada ya sekunde chache, ruta hutuma ujumbe mfupi na kungoja jibu. Jibu likikosekana, tuseme mara tatu mfululizo, laini ya kwanza huwekwa kando na ya pili hushika zamu bila mtu kunyanyua kidole. Laini ya kwanza ikitengemaa kwa muda uliowekwa, hurejeshewa kazi yake. Ruta nyingi zinazotumiwa maofisini zina uwezo huu tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuuwasha na kuupanga.

Hapa pana kosa ambalo limewaponza wengi. Ruta inamuuliza nani? Ikiuliza kifaa cha kampuni kilichoko hapo langoni, itajibiwa kwamba mambo ni shwari hata kama waya umekatika kilomita kumi mbele. Ni sawa na kumuuliza bawabu wa shule kama barabara ya Mombasa inapitika. Yafaa iulize anwani za mbali, tena zaidi ya moja, kwa kuwa anwani moja yaweza kuwa na hitilafu zake. Isitoshe, swali lipitishwe katika laini ile ile inayochunguzwa. La sivyo, jibu litakuja kupitia laini ya akiba, na ruta itadhani kwamba laini mbovu imepona.

Kosa la pili ni kununua laini mbili zinazopita njia moja. Turejee kwenye sentensi yetu. Lori likinguruma tangu neno la kwanza hadi la mwisho, alama zote tano zitapotea pamoja. Vivyo hivyo, nyaya mbili zikizikwa katika mtaro mmoja, jembe moja litazikata zote. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika eneo zima la Afrika Mashariki. Kenya haikutengwa kabisa, kwa sababu miongoni mwa njia zake nyingine ulikuwamo waya wa TEAMS, uliofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah na ambao hauelekei kusini. Ikiwa nchi nzima inahitaji njia zinazotofautiana, sembuse chuo chenye maelfu ya wanafunzi?

Najua mwalimu mkuu wa shule ya mashambani atauliza pesa zitatoka wapi. Swali lake ni la haki. Hahitaji waya wa pili wa bei ghali. Modemu yenye kadi ya simu, ya kampuni tofauti na ile ya laini ya kwanza, yaweza kutosha maadamu inatengewa shughuli muhimu pekee, kama vile kupakia alama za tathmini kwenye mtandao wa Baraza la Mitihani. Ikiachiwa video, bando litakwisha kabla ya kazi kuanza. Aidha, ruta na modemu zipewe betri, kwani umeme ukipotea, laini zote mbili hulala.

Nao wanaotunga mifumo ya mitihani wasijivue lawama. Ruta inapobadilisha laini, anwani ya taasisi kwa kawaida hubadilika pia, na mfumo waweza kumfungia nje mwanafunzi aliyekuwa akiandika. Kwa hivyo majibu yahifadhiwe kila dakika, na mwanafunzi aruhusiwe kuendelea pale alipoachia.

Zaidi ya hayo yote, nataka jaribio. Mwanzoni mwa kila muhula, kabla ya mtihani wowote, mkuu wa taasisi na aende mwenyewe penye ruta, auchomoe waya wa laini ya kwanza mbele ya walimu na wawakilishi wa wanafunzi, kisha ahesabu sekunde. Siku nyingine, fundi aiache taa ya waya ikiwaka lakini aikate huduma kwa mbele, ili ijulikane kama ruta inaona mbali au inatazama langoni tu. Zoezi hilo halihitaji zabuni wala kamati.

Taasisi isiyothubutu kuuchomoa waya huo siku ya amani tayari inajua jibu lake. Nami ningependa ilitoe jibu hilo mapema, mbele ya wanafunzi, badala ya kungoja binti mwingine afikie swali la tatu.