Unda 504 ya mezani, lakini usiigeuze nganya

Kama una miaka ishirini na kitu na umelelewa mjini, Peugeot 504 huenda umeiona mahali pawili tu: kwenye picha ya zamani ya harusi ya mtu wa ukoo wenu, au imelala bila magurudumu nyuma ya gereji, kuku ametagia kiti cha dereva. Nyingine zilishakatwakatwa zikauzwa kwa kilo. Kwa hivyo ombi langu ni hili, wewe unayependa kuunda vigari kwa mikono yako: kabla hujaanza Subaru nyingine yenye taa za buluu chini, unda 504. Na ukiiunda, ibadilishe kidogo tu. Kidogo kabisa.

Najua utaniambia soko linataka nini. Kigari cha nganya chenye grafiti, spika na taa za kumetameta kinauzika. 504 ya rangi moja itakaa kwa rafu. Sawa. Na sina neno baya juu ya wasee wanaounda matatu kwa kadibodi na plastiki, kazi yao naiheshimu sana. Lakini nganya ilizaliwa ipambwe. Ukikosea mstari unabandika stika juu yake, maisha yanaendelea. 504 haina mahali pa kujificha. Ilichorwa na Pininfarina ya Italia, ikatoka 1968, na 1969 ikatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Kisha ikaja kwetu kuonja vumbi: Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Ile ndefu yenye safu tatu za viti nayo ndiyo iliyowapeleka wazazi wetu mashambani, magoti kidevuni. Gari la namna hiyo huliongezei heshima kwa kulichorea miali ya moto ubavuni.

Haya, twende mezani. Kipimo kizuri ni kimoja kwa ishirini na nne, yaani kila sentimita 24 za gari halisi ni sentimita moja kwako. 504 ya kawaida, ile ya buti, ina urefu wa mita 4.49. Gawanya: sentimita 18.7. Upana 7, kimo 6 na ushee, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma 11.4. Andika namba hizi ukutani kwa sababu jicho litakudanganya. Jicho letu limezoea magari ya leo, litakuvuta uinue kiuno na upunguze vioo bila hata kujua.

Sehemu inayowashinda wengi ni buti. Kifuniko chake hakiteremki moja kwa moja. Kinaenda kidogo halafu kinavunjika, kama mtu aliyekunja goti. Ukikilainisha, umeunda gari lingine kabisa. Zile taa zake maarufu za mbele pia si mviringo wala mraba, zina pembe kama jicho la mtu anayekutazama kwa upande. Mimi ningempa buti jioni tatu na injini nusu saa. Boneti ikishafungwa, nani ataiona injini?

Marekebisho? Chagua mawili, matatu yakizidi. Ukitaka kuishusha, ishushe milimita moja na nusu. Unacheka, lakini zidisha kwa 24: hizo ni milimita 36, na dereva halisi angezihisi kwenye tuta la kwanza. Ukiishusha milimita tano umeizika. Ni sentimita 12, bampa linapangusa lami. Rimu za chuma waweza kuzitoa uweke za aloi za enzi hiyo, ndogo, zenye tairi nono. Tairi nyembamba kama bangili ni mambo ya leo. Keria ya juu ya gari inatoka vizuri sana kwa waya wa shaba uliovuliwa kwenye kebo mbovu, na vile vipande vya mpira vya kuzuia matope nyuma ya tairi, kata kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Ila ukipakia mizigo kwenye keria, nyuma ya gari iiname kidogo. Gunia lina uzito hata likiwa la ukubwa wa kunde.

Na kama unaunda ile ndefu ya abiria ya miaka ya themanini, tafadhali usiichoree mstari wa njano. Mstari ule ulikuja na sheria za Michuki, zilizoanza kutekelezwa 2004. Bamba la KDA nalo ni la 2020, halikuwahi kukutana na Andersson.

Rangi ndiyo huua kazi ya wiki nzima. Nairobi mwezi wa Julai, asubuhi yenye manyunyu, usipulize kitu. Unyevu hunaswa, rangi ikakauka na ukungu mweupe. Ngoja jua litoke. Mkebe uweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu dakika chache (si ya moto, unataka rangi, hutaki mlipuko). Tabaka nne nyembamba zashinda moja nene, maana rangi nene hujaza mistari ya milango, na gari lisilo na mistari ya milango ni kipande cha sabuni. Chagua pia rangi iliyofifia kuliko ya gari halisi. Kwenye kitu kidogo, rangi ileile huonekana nzito.

Kuna watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kuweka kwenye meza ya mtu anayeajiri. Wengi mnaosoma hapa mko hivyo, au cheti mnacho na bado kiko kwenye bahasha. Kila siku tunaambiwa tuonyeshe tunachoweza kufanya. Kigari kilichojaa mapambo kinaonyesha una gundi na muda. Lakini fundi wa bodi, au seremala, akishika 504 ambayo buti lake limevunjika palepale linapopaswa kuvunjika, anajua umepima, umekata, umekata tena, na kwamba ulipotaka kuongeza kitu ulijizuia. Huyo unaweza kumwomba kazi.

Wala usikope kwa simu ili uagize seti ya plastiki kutoka Japani. Kadibodi ngumu, gundi, msasa, wembe mpya na mabaki ya plastiki yanatosha kwa gari la kwanza. Pesa uliyo nayo peleka kwa rangi.

Ukimaliza, usikimbilie kuipiga picha. Tafuta mzee yeyote mtaani kwenu aliyewahi kuendesha moja. Mwamkue, mwekee mkononi, kisha unyamaze. Ataigeuza, atachungulia dirishani, na swali lake la kwanza nadhani nalijua: gia iko wapi, kijana? Kwenye 504 za mwanzo ilikuwa kwenye usukani. Kama wewe umeisimamisha sakafuni, rudi mezani na kibanio.