Mwanao anataka kuona upasuaji kabla ya kusomea udaktari

Hospitali kubwa za Tanzania hupokea wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya na Marekani. Hukaa wiki chache, hulipa ada, na wengi wao huingia chumba cha upasuaji kutazama. Kijana wa hapa aliyemaliza kidato cha sita hajui hata abishe mlango gani.

Sababu moja ni kwamba vyuo vyetu havimuulizi. Nafasi ya udaktari hupatikana kwa alama za fizikia, kemia na baiolojia. Kwa hiyo mwanao anaweza kuanza masomo ya miaka 5, kwa ada unayoijua wewe, hajawahi kuona jeraha likishonwa.

Muda mzuri ni baada ya mtihani wa Mei, kabla vyuo havijafunguliwa, kama hayuko JKT. Aandike barua kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali ya wilaya au ya misheni iliyo karibu, aambatishe utambulisho wa shule, aombe siku 1 au 2. Wanaweza kukataa, hasa kama hajafika miaka 18. Wakimwambia aanzie wodini, akubali. Huko ndiko kazi yenyewe ilipo. Mtu akiwadai fedha ya "kuingizwa thieta" bila risiti ya hospitali, rudini nyumbani.

Siku ya kuingia anywe chai vizuri. Kusimama muda mrefu na njaa, umevaa barakoa, huleta kizunguzungu. Akikihisi aseme mapema na akae chini, mbali na meza. Asiguse chochote, na simu ibaki nje.

Sasa mfikirie aliyelala mezani. Katika hospitali za wilaya, upasuaji mkubwa wa kila siku ni ule wa kujifungua. Huyo ni mama, pengine jirani yako, na mara nyingi yuko macho: ganzi imechomwa mgongoni, anasikia kila neno. Aombwe ruhusa mapema, na muuguzi, kijana akiwa hayupo, ili aweze kusema hapana bila aibu. Akikataa, kijana atoke bila kununa.

Siku ikiwa zamu yako, haki ni hiyohiyo. Kukataa watazamaji hakukunyimi matibabu. Unaweza pia kukubali mmoja na kukataa watano. Wengi hawajui kwamba hilo linawezekana.