Mwandishi Alipe Sahani Yake

Katika vyumba vingi vya habari nchini, mwandishi anayepangiwa chakula na burudani huhesabiwa kuwa amepewa likizo. Wenzake wanaokwenda Bungeni na mahakamani humtania kwamba kazi yake ni kula na kucheza dansi. Hata wahariri, ambao wangepaswa kujua zaidi, humkabidhi ukurasa huo kijana aliyeanza kazi juzi, kwa kudhani kwamba hapo hana cha kuharibu. Dhana hiyo ni potofu, na wanaoilipia ni wasomaji.

Mfanyakazi wa kima cha chini anayetoka na mkewe Jumamosi kwenda kusikiliza muziki hulipa kiingilio, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi usiku wa manane daladala zikiwa zimeadimika, soda mbili na mishikaki. Kwake hizo si fedha kidogo. Gazeti lilimwambia kwamba bendi itaanza saa tatu. Ikapanda jukwaani saa tano. Gazeti lilimwambia kwamba mwimbaji fulani atatumbuiza. Akatokea mtu anayefungua na kufunga mdomo huku sauti yote ikitoka kwenye rekodi. Jumatatu anasoma katika gazeti lile lile kwamba onyesho lilifana na ukumbi ulifurika. Mtu huyo amedanganywa mara mbili, na mara ya pili amedanganywa na gazeti alilolinunua mwenyewe.

Sababu yake si siri. Aliyeandika habari ile aliingia bure, akaketishwa meza ya mbele, akaletewa kuku na bia, na wakati wa kuaga akatiwa mkononi bahasha iliyopewa jina la heshima la nauli. Si haki kumlaumu kijana huyo peke yake. Wengi wa wanaoandika kurasa hizi ni waandishi wa kujitegemea, wanaolipwa kwa habari iliyochapishwa tu. Isiyochapishwa ni hasara yao. Gazeti linalomtuma mtu wa namna hiyo ukumbini bila kumpa kiingilio limekwisha kuamua, kabla ya wimbo wa kwanza kupigwa, jinsi habari itakavyoandikwa. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, lina kanuni za maadili zinazokataza hongo. Lakini kanuni hazinunui tiketi.

Wapo waliokwisha kulitatua jambo hili. Craig Claiborne, aliyekabidhiwa dawati la chakula la gazeti la New York Times la Marekani mwaka 1957, aliweka utaratibu wa kwenda hotelini zaidi ya mara moja kabla ya kutoa hukumu, bila kujitambulisha, na gazeti likalipa gharama. Mwaka 2007 Jonathan Gold wa Los Angeles alikuwa mhakiki wa kwanza wa chakula kupata tuzo ya Pulitzer, naye alijulikana zaidi kwa kuandika habari za vibanda na mikahawa midogo ya wahamiaji kuliko hoteli za matajiri. Itasemwa kwamba magazeti ya Marekani yana fedha. Ni kweli. Lakini pia sahani ya wali na maharage Kariakoo haiuzwi kwa bei ya New York.

Na hapo kwa mama lishe ndipo ukurasa wa chakula unapopaswa kuanzia. Wengi wa wanaokula nje ya nyumba zao mijini hawali hotelini. Hula ugali na samaki Feri, supu na chapati kando ya kituo cha basi, chipsi mayai jioni, urojo Forodhani kwa walio Unguja. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, mlaji alihitaji kujua mambo madogo sana: nani anachemsha maji ya kunywa, nani ana ndoo ya kunawia yenye bomba, nani anakiacha chakula wazi inzi wakitua. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, na mwandishi si bwana afya. Hata hivyo bwana afya hawezi kuwa kila jikoni, na ripoti yake haifiki kwa mlaji asubuhi pamoja na gazeti. Zaidi ya hayo, mama lishe msafi, anayebadilisha mafuta na kupima sahani kwa haki, hana fedha za kulipia tangazo. Tangazo lake pekee ni mwandishi aliyekula pale, akalipa, akaandika alichokiona.

Kwa upande wa muziki hasara ni ya namna nyingine. Bendi ya NUTA, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mpinzani wake mkubwa, Mlimani Park, aliingia uwanjani mwaka 1978. Muhidin Gurumo, aliyefariki dunia mwaka 2014, aliimba katika bendi zote mbili. Nyimbo nyingi zimehifadhiwa katika kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kisichomo katika kanda ni ukumbi wenyewe: kiingilio kilikuwa kiasi gani, nani alipiga gitaa la solo usiku ule, wimbo gani uliombwa kurudiwa. Hayo huandikwa na mwandishi aliyekuwapo akiwa macho makavu. Asipoyaandika yeye, yamepotea. Anayeandika leo kwamba msanii fulani amegombana na mchumba wake hamwachii msomaji wa mwaka 2060 kitu chochote.

Wahariri hawahitaji semina kwa jambo hili. Watenge fungu la kiingilio na la sahani, hata kama litatosha safari mbili tu kwa wiki, na chini ya kila habari ichapwe bei aliyolipa mwandishi. Mama lishe hatoi stakabadhi; mhasibu akubali kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi. Akikataa, apelekwe Feri saa saba mchana, apange foleni, akaombe stakabadhi hiyo mwenyewe.