Bunduki Sio Shida, Shida ni Kusimamisha Hicho Kibanda

Wasee, leo tuongee kuhusu vibanda vya kuwinda vya Wamarekani. Kama hujawahi kuviona, ni sanduku la mbao ama plastiki, kama choo cha shule kimepewa miguu mirefu, limesimama pembeni ya shamba huko Texas ama Wisconsin. Ndani kuna mzee amekaa kwa kiti cha ofisi, thamosi ya kahawa iko hapo kando, anangoja kulungu atokee. Klipu zao zikifika huku kwetu, watu wote wanabishana kuhusu bunduki. Mimi naona tunaangalia mahali si penyewe. Kitu ya kuogopa kwa hiyo maisha ni ile Jumamosi mzee alikisimamisha kibanda na mashemeji wanne, kamba moja, na kelele mingi.

Na si mimi nimeanza hiyo maneno. Huko Marekani, kabla upewe leseni ya kuwinda, majimbo mengi yanakutaka upitie masomo ya usalama kwanza. Na moja ya vitu unafunzwa hapo ni kwamba kuanguka kutoka juu, iwe ni kwa mti ama kwa kibanda, ni kati ya njia kubwa zaidi wawindaji wanaumia. Mtu amenunua bunduki ya pesa mob, amejifunza kuishika vizuri, halafu anavunjika mgongo kwa ngazi.

Lakini mbona wapande juu hata? Sababu ziko, na ni za maana. Kulungu ana pua kali kuliko macho yake, na ukikaa juu, harufu yako ina nafasi ya kupita juu yake kabla haijashuka. Pia unaona mbali juu ya nyasi na vichaka. Na ukipiga risasi ukiwa juu, inaelekea chini, kwa hivyo ikimkosa mnyama inaingia kwa udongo badala ya kusafiri hadi kwa boma la jirani. Hiyo ya mwisho naiheshimu kabisa. Sina ubishi na kukaa juu.

Ubishi wangu ni vile hiyo sanduku inafika huko juu.

Njia ya kawaida ni hii. Unajenga kibanda chini, unakilaza kwa ubavu, unafunga miguu minne ya mbao za inchi 4 kwa 4 ikiwa bado imelala. Kuna vyuma vya pembe vinavyouzwa, vinashika kila mguu na kuutanua nje kidogo ili kibanda kisiwe kama mtu amesimama na miguu pamoja kwa matatu. Mpaka hapo kila kitu iko fiti. Halafu inafika saa ya kukiinua, na mtu anasema zile maneno mbaya zaidi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: tuko wengi, tutavuta tu.

Skiza sasa, hapa ndipo watu hawaelewi. Kitu kirefu kikiwa kimelala, mwanzo ndio uzito wote uko. Na ukifunga kamba kwa sanduku ukaivuta ukiwa umesimama chini, hiyo kamba iko karibu sambamba na ardhi. Kwa hivyo hauinui kitu, unakiburuta. Miguu inateleza, mashemeji wanaongeza nguvu, mmoja anaingia chini kusukuma na mabega. Tayari kuna binadamu chini ya kilo mia kadhaa, na bado kitu hakijatoka chini hata futi tatu.

Halafu kikianza kupanda, kinakuwa chepesi. Kila nyuzi inayoongezeka, kinakuwa chepesi zaidi. Watu wanafurahi, wanavuta kwa mbio. Kumbe kuna mahali fulani, uzito ukishavuka ile miguu ya mbele, kibanda hakihitaji tena kuvutwa. Kinakuja chenyewe. Na kinakuja upande gani? Upande wa wenye wanavuta. Wale wanne wenye walikuwa wanajipongeza sekunde mbili zilizopita ndio kinataka kuwalalia.

Harambee ni nzuri kwa karo na kwa matanga. Kwa hii kazi, wingi wa watu ni wingi tu wa wenye kuumia.

Wenye wanajua hii kazi wanafanya vitu kama vinne hivi, na hakuna hata moja inahitaji pesa ya ajabu. Wanapiga vigingi mbele ya miguu ya chini ili isiteleze. Wanasimamisha mlingoti, ama mbao mbili zimefungwa juu kama herufi A, ndio kamba ipite juu yake na ivute kuelekea juu badala ya kuburuta. Winchi ama pikapu inavuta polepole, na kamba ni ndefu kuliko kibanda, ndio hata kikianguka mbele kisikufikie. Na ile ya nne, yenye karibu kila klipu haina: kamba ya nyuma. Mtu mmoja mtulivu, ama gari lingine, limeshika kibanda kutoka upande wa pili, linakiachilia kidogo kidogo kikishavuka ile pointi. Kamba ya nyuma haionekani ikifanya kazi yoyote mpaka hizo sekunde tatu za mwisho. Ndio maana watu wanaiacha.

Ukiwa na trekta yenye mikono ya kuinulia mbele, maisha ni rahisi zaidi, na kule wakulima wengi wanayo. Lakini hata hapo naona msee amesimama chini ya mzigo akielekeza dereva na mkono. Buda, toka hapo. Elekeza ukiwa kando.

Kuhamisha nako ndio comedy kabisa. Vibanda vinahamishwa kwa sababu mahindi yamepandwa upande mwingine mwaka huu, ama kulungu wamebadilisha njia, ama upepo wa hapo unapeleka harufu moja kwa moja mahali wanyama wanatokea. Sawa. Lakini watu hawataki kukilaza tena, kwa sababu wanakumbuka ile Jumamosi. Kwa hivyo wanakibeba kikiwa kimesimama, juu ya trekta, shamba lina mashimo, uzito wote uko juu. Shimo moja tu la mnyama na kila kitu kimelala, saa zingine pamoja na trekta. Na hapo sijataja nyaya za stima. Kitu cha futi 20 kwa trekta kikipita chini ya laini ya umeme, hakuna mazungumzo.

Ukijua utahama, jenga ya kuhama. Weka miguu mifupi juu ya mbao mbili kubwa za kuburuta, kama sled ya theluji, ama juu ya trela ndogo. Ama toa bolti, shusha sanduku, beba vipande. Ndiyo, inakula siku nzima. Msimu wa kulungu kule huwa miezi ya mwisho ya mwaka. Una miezi kibao kabla ya hapo, na ukihamisha mapema wanyama wanazoea kibanda pia. Mwenye anahamisha wiki moja kabla ya msimu ndiye anaharakisha, na mwenye anaharakisha ndiye anaacha kamba ya nyuma.

Na mbona hata futi 20? Mahali shamba ni tambarare na wazi, sakafu ya futi tano inakupa karibu kila kitu unachohitaji. Hizo zingine ni za kuonyesha jirani. Kibanda kirefu kinakamata upepo kama tanga la jahazi, kwa hivyo kinahitaji kufungwa chini pembe zote nne. Mbao zake zinaoza pale zinapoingia kwa udongo, mahali huoni. Na nyigu wanapenda sana kujenga ndani wakati hakuna mtu. Fikiria umefika juu ya ngazi, umefungua mlango, nyigu hao usoni. Ukiwa futi tano unaruka. Ukiwa futi 20 unaanguka.

Najua utaniambia, lakini sisi Kenya hatuwindi. Kweli, uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku hapa 1977. Lakini kukaa juu kungoja mnyama sio ya wageni. Pwani hiyo kitu ina jina la zamani, dungu, jukwaa la miti la kulinda mpunga na mahindi dhidi ya ndege na nyani. Taita Taveta kuna wakulima bado wanakesha shambani msimu wa mavuno kwa sababu ya ndovu. Hata Treetops pale Aberdare ilianza 1932 kama kibanda juu ya mti wa mugumo, watu wakipanda kuangalia wanyama wakija kunywa maji.

Lakini mimi sifikirii hata dungu. Nafikiria tanki. Pita mtaa wowote Nairobi wenye maji huja mara mbili kwa wiki. Kila ploti ina stendi ya vyuma na tanki nyeusi juu, na kila wiki mahali fulani kuna stendi inasimamishwa na vijana watano wa mjengo na kamba ya katani, watu wakipita chini, mama mboga akiwa ameketi mita tatu kutoka hapo. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani moja kamili. Hiyo ni kibanda cha Mmarekani na mzee ndani na mashemeji wake wote na kulungu juu yake. Na yake iko kwa shamba tupu. Yetu iko juu ya vichwa.

Wale vijana wengi ni rika yetu, wanalipwa kwa siku, na hakuna mtu amewaambia kuhusu ile pointi uzito unavuka. Wanaambiwa tu, vuta. Kwa hivyo fundi akikuita usaidie kushika kamba, muulize kwanza ya nyuma ameshika nani. Akicheka, mwambie unaenda kununua soda, na umwondoe mama mboga ukipita.