Bei Tunaijua, Mafuta Hatuyajui

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo imenirudia mara nyingi tangu nilipotoka Kolo, kwa sababu pale mgeni alituuliza swali la kawaida kabisa, sisi wenyeji tukacheka, na kumbe tulikuwa tunajicheka wenyewe.

Kwa wasiopafahamu, Kolo ni kijiji cha wilaya ya Kondoa, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati. Ndiko iliko ofisi ya mambo ya kale inayosimamia michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Barabara yenyewe ni sehemu ya ile njia ndefu ya kutoka Cape Town hadi Cairo, na tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, si ajabu kukutana na wageni wanaoendesha magari yao wenyewe kulipita bara zima.

Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wangu kuiona michoro. Tuliporudi kijijini tukawakuta mume na mke kutoka Uholanzi, gari lao lina namba za kwao na mshale wa mafuta umelala. Mbele ya kibanda kimoja palikuwa na petroli katika chupa za maji na dizeli katika dumu la lita ishirini. Yule mwanamume aliponiona naweza kumsikiliza, akaniomba nimuulize muuzaji: dizeli hii ina salfa kiasi gani?

Nikatafsiri. Kijana akanitazama, akalitazama dumu, akasema, "Mwalimu, mwambie hii ni dizeli safi, hata mabasi yanatumia." Tukacheka wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Wageni hawakucheka. Wakaamua kugeuza na kunifuata hadi mjini Kondoa, kwenye kituo chenye pampu. Pale niliuliza tena. Binti aliyekuwa zamu alinishikamoo, nikaitikia, kisha akaninyooshea kidole kwenye ubao. "Bei hiyo hapo, mzee wangu. Hayo mengine sijui, labda meneja." Meneja naye, kwa upole wote, akasema dizeli yote nchini ni moja. Wageni wakajaza nusu tangi na kuendelea na safari yao wakiwa na wasiwasi.

Mtu aweza kusema huyo ni Mzungu mwenye deko. Nami nilidhani hivyo kwa dakika chache. Lakini alikuwa ametoka Afrika Kusini, ambako pampu ya dizeli huandikwa 50 au 500, na dereva huchagua. Namba hiyo ni kiasi cha salfa: sehemu 50 katika kila sehemu milioni, yaani miligramu 50 katika kilo moja ya dizeli. Kwao Ulaya kikomo ni 10 tangu mwaka 2009, na tangu mwaka 2018 pampu zote za Umoja wa Ulaya hubandikwa alama ya aina moja inayomwonyesha dereva, hata asiyejua lugha ya nchi, ni mafuta ya namna gani anayotia. Marekani pampu zimebandikwa kikomo cha 15. Kwa hiyo mgeni wetu hakuomba upendeleo. Aliuliza jambo ambalo huko atokako na huko alikopita limeandikwa ukutani.

Na ana sababu ya kuuliza. Injini za dizeli za siku hizi hutoa moshi kupitia kichujio kinachonasa masizi, kile ambacho mafundi wetu hukijumuisha katika jina la "masega". Salfa ikizidi, kemikali zilizo ndani ya mtambo huo hulemaa na kichujio huziba mapema. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo hupunguza ulainishaji, na pampu ya sindano inayofanya kazi kwa mgandamizo mkubwa sana husagika. Gari likifa njiani kwa sababu hiyo, si kwa uzee wala kwa uzembe wa dereva.

Sasa nataka nieleweke vizuri, maana watumishi wa umma ni wasomaji wangu wazuri na sipendi kuwaonea. Sisemi dizeli yetu ni sumu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 salfa katika dizeli isizidi 50. Hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Mwaka uliofuata, 2016, shirika la Uswisi liitwalo Public Eye lilichapisha uchunguzi wa mafuta kutoka nchi nane za Afrika, Zambia jirani yetu ikiwamo, na zaidi ya theluthi mbili za sampuli za dizeli zilikuwa na salfa inayozidi 1,500. Sehemu ya mafuta ya namna hiyo ilichanganywa makusudi katika bandari za Ulaya, Amsterdam ikiwamo, kwa ajili ya masoko yenye sheria legevu. Hivyo hata mgeni wangu Mholanzi nilikuwa na la kumwambia, na nilimwambia. Nchi yake ilingoja hadi mwaka 2023 kubana uuzaji huo.

Basi kama kiwango tunacho, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba kiwango kinaishi katika jalada, na mafuta yanaishi katika tangi. Shehena hupimwa bandarini. Kutoka Dar es Salaam hadi Kolo ni zaidi ya kilometa 600: pana ghala, pana lori, pana kituo, na mwisho pana dumu. Katika safari yote hiyo, mtu wa mwisho, ambaye ndiye anayelipa, hana karatasi, alama wala namba ya kumwambia alichouziwa.

Linganisha na bei. Tangu mwaka 2009 EWURA hutangaza bei kikomo. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi tunasoma bei ya dizeli kwa kila wilaya, Kondoa ikiwamo, hadi shilingi moja moja. Stakabadhi ya mashine ya kodi huandika lita, saa, na hata namba ya gari. Dola inayoweza kujua kwamba gari langu lilijazwa lita 30 saa tisa na robo alasiri haishindwi kuniambia mafuta hayo yalikuwa ya daraja gani. Haijaamua tu kuniambia.

Na historia inaonyesha kuwa hatujawahi kuamua. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Neno "uchakachuaji" lilizoeleka kwa mafuta, ulipotangazwa wizi wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 2010, neno likahama kutoka kituo cha mafuta kwenda kituo cha kura, na halijarudi. Taifa linapokopa msamiati wa pampu ili lieleze mashaka yake juu ya sanduku la kura, linakiri kuwa ugonjwa ni mmoja: kupewa kitu usichoweza kukihakiki na kuambiwa uamini.

Serikali ilifanya nini? Mwaka huo huo wa 2010 ilianza kutia vinasaba katika mafuta ya soko la ndani, kazi ambayo baadaye ilikabidhiwa TBS. Ni hatua njema. Mkaguzi akikuta kinasaba kimepungua, anajua kuna mafuta yaliyokwepa kodi au mchanganyiko usio halali. Lakini kinasaba hakipimi salfa, na majibu yake ni ya mkaguzi, si ya mnunuzi. Kwanza kinailinda hazina.

Kisha ikaja bajeti ya mwaka 2011/12. Kwa kuwa wachakachuaji walivutwa na unafuu wa mafuta ya taa, ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa sana ili tofauti ya bei iondoke. Kenya ilifanya kama hivyo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Mchumi atakuambia hesabu imekaa sawa, kwani faida ya kuchanganya ilipungua. Mimi nauliza: nani aliyelipa? Ni bibi wa kijijini aliyewasha koroboi mjukuu wake asome. Mwenye lori alichakachua, mwenye koroboi akatozwa faini. Kati ya njia zote za kumzuia mwizi, ilichaguliwa ile inayomgharimu asiyeiba, na ikaachwa ile isiyogharimu karibu chochote: kumwonyesha mnunuzi anachonunua.

Najua majibu yatakayokuja, na nitayajibu hapa hapa.

La kwanza: wageni wa namna hiyo ni wachache, magari yetu ni mitumba inayokula chochote. Hilo lilikuwa kweli zamani. Mitumba ya leo ni magari mapya ya jana, na mengi ya dizeli yanayoshuka bandarini sasa yana vichujio vile vile. Kinachotokea tunakijua: taa ya onyo inawaka, fundi anang'oa masega, gari linaondoka likitema moshi mweusi, nasi tunaita hayo matengenezo. Moshi huo hauchagui pafu la Mzungu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Wanaouvuta kila siku ni bodaboda, mama lishe wa stendi na askari wa usalama barabarani.

La pili: mwananchi hataelewa namba hizo. Mwananchi huyo huyo anajua gramu za mbolea, asilimia za riba na megabaiti za kifurushi. Alielezwa, akaelewa. Yule binti wa Kondoa hakukosa akili ya kunijibu. Hakupewa jibu la kunipa.

La tatu, na ndilo linalostahili heshima: ukiandika namba, utakuwa umejifunga, na mafuta yakikutwa tofauti mwenye kituo atasingiziwa kosa la mwenye lori. Ni kweli. Lakini huo ndio uwajibikaji. Mwenye kituo atakayejua kuwa namba iko ukutani kwake atamdai mwenye lori cheti, mwenye lori atakidai ghalani, na kila mkono katika mnyororo utaanza kuuogopa mkono unaofuata. Leo kila mmoja anamwogopa mkaguzi peke yake, na mkaguzi ni mmoja, barabara ni ndefu.

Ninachodai si kikubwa. Kila pampu ya dizeli ibandikwe kikomo cha salfa kwa tarakimu zinazosomeka kutoka kwenye kiti cha dereva. Siku EWURA inapotangaza bei kikomo za wilaya, itangaze pia matokeo ya sampuli zilizochukuliwa katika wilaya hizo, kwa majina ya vituo, vilivyofaulu na vilivyoshindwa. Na stakabadhi inayobeba namba ya gari langu ibebe pia namba ya shehena, ili nikilalamika kwa baraza la watumiaji nisiambiwe nilete ushahidi nilionyimwa.

Ninyi watumishi mnaojaza magari ya umma katika vituo vya GPSA, ulizeni swali la yule Mholanzi kwa niaba ya gari la wagonjwa la wilaya yenu. Ninyi wanafunzi wa sheria na wa uhandisi, hapo pana tasnifu. Nanyi wanaharakati, kabla ya maandamano yajayo juu ya bei, kumbukeni kuwa bei ni nusu ya swali.

Kijana wa Kolo, kabla hatujaachana, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani kuna dizeli za aina mbili?" Huuza dizeli kila siku, na hakuna aliyewahi kumwambia. Nilimweleza hapo hapo, kando ya dumu lake. Safari hii hakuna aliyecheka.