Nyundo ya msumeno nayo ni mila yetu

Mwacha mila ni mtumwa. Neno hili tunalisema katika kila mkutano wa chama chetu, na kila mara linapigiwa makofi. Lakini siku tulipopendekeza kwamba kijitabu hiki kiwe na kurasa juu ya mafundi wanaopiga nyundo misumeno mikubwa ya duara, makofi hayakusikika. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema: «Sii ilikuja na Muzungu. Ile haiko mila. Tuandike mambo ya bankambo.» Watu wakacheka, tukapita kwa jambo lingine.

Sisi tunaoandika hapa hatukucheka. Mzee tunamheshimu, lakini tunasema wazi kwamba amekosea, na kosa lake si lake peke yake. Ni kosa la wengi wetu tuliosoma, tunaojua majina ya vinyago vyote vya Katanga lakini hatujaingia hata siku moja katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yetu.

Tueleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi wanaoidharau hawajaiona.

Msumeno wa kiwanda cha mbao si kile kisahani kidogo cha seremala. Ni duara la chuma cha pua lenye upana wa mita moja, mita moja na robo, pengine zaidi, na unene wa milimita nne au tano tu. Chukua msumeno wa mita 1,20 unaozunguka mara 700 kwa dakika: meno yake yanakimbia zaidi ya kilometa 150 kwa saa. Kwa mwendo huo ukingo wa msumeno unavutwa kwenda nje, na mti unaupasha moto juu yake. Basi ukingo unarefuka kuliko katikati. Chuma chembamba kikirefuka hivyo ukingoni hakiwezi tena kukaa sawa. Kinaanza kucheza, kinatafuta njia yake ndani ya gogo, na mbao inatoka nene huku, nyembamba kule. Mnunuzi anaipima, anatikisa kichwa, anatoa nusu ya bei.

Dawa yake ni nyundo. Fundi analaza msumeno juu ya fuawe, ile wafanyakazi wanaita anklime, na anapiga ile sehemu iliyo kati ya kitovu na meno. Pigo dogo dogo, kwa duara na kwa mistari aliyochora na chaki, upande mmoja, kisha anageuza na kupiga upande wa pili kwa hesabu ile ile. Kila pigo linatanua chuma kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Akimaliza, msumeno ukisimama unaonekana kama umelegea katikati. Lakini ukianza kukimbia, ukingo unavuta, ule ulegevu unakwisha, na msumeno unanyooka wenyewe. Kwa hiyo msumeno mzuri hauonekani mzuri ukiwa umelala. Asiyejua anauona umeharibika. Anayejua anaweka rula ya chuma kutoka kitovu mpaka meno, anainua ukingo kidogo, anatazama mwanga unaopita chini ya rula. Mwanga ukiwa wa umbo moja katika kila upande wa duara, kazi imekwisha. Ukiwa mwembamba fasi moja na mpana fasi nyingine, anarudi kwenye fuawe.

Tena hiyo ni nusu ya kazi. Kabla ya kutanua ni lazima kunyoosha: kutafuta vinundu na mikunjo na kuiondoa. Na hapa mapigo ni mengine. Kwa kunyoosha fundi anaweka msumeno juu ya ubao mgumu, ili chuma kipinde bila kutanuka. Kwa kutanua anauweka juu ya fuawe ya chuma. Mwenye kuchanganya hizo mbili anaweza kupiga kutwa nzima, na jioni msumeno ukawa mbaya kuliko asubuhi. Uso wa nyundo nao lazima uwe wa mviringo, laini kabisa, bila kona, kwa sababu kona inaacha kidonda katika chuma, na kidonda siku moja kitazaa ufa.

Na kuna swali ambalo fundi wa kweli anauliza kabla ya kugusa chochote: «Moteri yako inazungukaka mara ngapi?» Maana msumeno unapigwa kwa mwendo wake. Uliotanuliwa kwa mizunguko 700 hautatulia kwenye moteri dhaifu ya mizunguko 400. Ukimpelekea mtu msumeno na asiulize swali hilo, chukua msumeno wako urudi nyumbani.

Sisi wenyewe tulijaribu. Mzee mmoja wa karakana ya hapa Lubumbashi, aliyeanza kazi hii akiwa kijana, alitupa msumeno uliokufa na nyundo ya kilo mbili. Tulijiona watu wa akili, tulikuwa tumesoma maelezo yote. Baada ya saa moja msumeno ulikuwa ukiusukuma huku unaruka kule na kulia «pau!», kama kifuniko cha sufuria. Mzee hakutukemea. Aliusimamisha, akaugonga na kidole cha chuma, akasikiliza mlio wake, akasema: «Hii sii iko na homa, batoto bangu. Munaipiga na hasira. Muiulize kwanza njo muipige.» Alituambia kwamba yeye alinoa meno tu muda mrefu, bila kuruhusiwa kushika nyundo. Baadaye alishika rula, si nyundo: mkubwa wake anapiga, yeye anasema mwanga uko wapi. Alipojua kuona, ndipo alipopewa kupiga, na kwa misumeno iliyokufa tu.

Sasa tunamwuliza mzee wetu wa mkutano: mafunzo ya namna hiyo yanafanana na nini? Mwanafunzi anakaa karibu na mkubwa, ananyamaza, anatumika, jicho na sikio vinafundishwa kabla ya mkono, na neno la kazi linatolewa kwa kipimo. Hivyo ndivyo bankambo walivyofundisha uhunzi.

Na uhunzi katika nchi hii si jambo dogo. Katika bonde la Upemba wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta kaburi la mkubwa mmoja, la zaidi ya miaka elfu moja, na karibu na kichwa chake paliwekwa fuawe ya chuma. Mapokeo ya Waluba yanaunganisha mwanzo wa ufalme wao, Mbidi Kiluwe na mwanawe Kalala Ilunga, na ujuzi wa kufua chuma. Kwa Kiluba fuawe yenyewe inaitwa nyundo, na kupiga nyundo kulikuwa sehemu ya kumtawaza mfalme. Hata pini za chuma ambazo watu walichoma katika nywele zao zilikuwa na umbo la fuawe. Mtu alitembea na alama ya karakana juu ya kichwa. Sisi leo tukiona mtu mwenye mikono ya mafuta tunabadilisha upande wa barabara.

Watatujibu kwamba chuma cha bankambo kilitoka katika udongo wetu, na msumeno wa duara ulitoka Ulaya. Ni kweli. Samuel Miller alipewa hati ya msumeno wa duara huko Uingereza mwaka 1777, na huku kwetu ulifika na viwanda vya wakoloni na misioni. Lakini muhogo nao ulitoka Amerika, na mahindi vilevile. Nani kati yetu atasimama mbele ya mama yake aseme kwamba bukari haiko chakula cha kwetu? Kitu kinakuwa mila pale watu wanapokipokea, wanakitia mikononi mwao, wanakipa maneno yao, na wanakifundisha watoto. «Sii iko na homa»: neno hilo halikuja katika sanduku kutoka Ulaya.

Kuna kundi la pili linalotupinga, na hao ndio wengi: wafanyabiashara. Wanasema: «Juu ya nini kupoteza wakati? Msumeno ukiharibika, tununue mupya.» Tunawajibu kwa hesabu yao. Msumeno mpya nao unachoka. Ukifanya kazi na meno butu, ukichomwa mpaka alama za buluu zikaonekana, utapoteza mvuto wake kama ule wa zamani. Wewe utautupa, utanunua mwingine kwa dola, na ujuzi utabaki kwa yule aliyekuuzia. Wengine wameacha msumeno wa duara kabisa, wanapasua mbao kwa tronsonezi. Sawa, tronsonezi inaingia porini ambako kiwanda hakiwezi kuingia, hatuikatai. Lakini ione njia yake ndani ya mti. Msumeno wa duara uliotunzwa unakula karibu milimita sita kwa kila mkato, tronsonezi karibu tisa. Kwa mikato kumi umepoteza milimita thelathini: ubao mmoja mzima umekuwa vumbi. Na mti wenyewe ni mubanga, ni mulombwa, miti ya miombo ambayo haikui kwa haraka. Tunalia kwamba pori linakwisha, kisha tunalimwaga chini kama vumbi.

Tukumbuke pia mukula. Katika miaka ya 2010 mti huo ulikatwa kwa wingi katika Haut-Katanga, ukapakiwa ukiwa magogo, ukapita Zambia kuelekea China. Vijana wetu walipata pesa ya kukata na kubeba, basi. Hatusemi kwamba mafundi wa nyundo wangezuia biashara hiyo, kulikuwa na wakubwa wenye nguvu ndani yake. Tunasema kwamba nchi isiyojua kupasua gogo lake vizuri haina neno la kumjibu mnunuzi anayetaka gogo zima.

Kuna hasara nyingine ambayo haihesabiwi kwa dola. Katika kiwanda kimoja, hatutaki kukitaja, tuliona kijana aliyevunjika mkono. Msumeno ulikuwa unacheza tangu asubuhi. Alisema, hakusikilizwa. Mchana ulipata moto, ukabana ndani ya gogo, ukarusha kipande cha mbao, kikampata. Mwenye kiwanda alisema ni bahati mbaya. Hapana. Bahati mbaya ni radi. Msumeno unaocheza ni ugonjwa unaojulikana, wenye dawa inayojulikana, na dawa hiyo ilikuwa kwa mzee anayekaa si mbali na hapo, ambaye hakuna aliyemwita kwa sababu alidai pesa ya siku mbili za kazi.

Na hatuwaachi wazee wa kazi wenyewe, hata kama tunawapenda. Baadhi yao wanaficha. Wanageuza mgongo wakati wa kupiga, wanafuta chaki kabla mwanafunzi hajaiona, wanasema kijana atawanyang'anya chakula. Tunaelewa hofu yao, maisha ni magumu na pensheni wengi hawakuiona. Lakini, baba zetu, mkifa na ujuzi, mtoto wenu atarithi nini? Nyundo bila maneno yake ni kilo mbili za chuma cha kuuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Tunajua jinsi mambo haya yanavyokwisha. Wayeke waliyeyusha shaba kwa ustadi ambao uliwapa jina la wala-shaba. Mwaka 1926 mmisionari Jean-Félix de Hemptinne alitoa maandishi juu ya kazi yao, na mpaka leo tukitaka kujua walivyofanya, tunafungua karatasi zake. Tunamshukuru kwa kuandika. Lakini ni haya kwetu kwamba tunamsoma mgeni ili kujua mikono ya babu zetu. Je, kwa wapiga nyundo wa misumeno tunangoja mgeni mwingine?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tunayaomba kwanza kwa chama chetu wenyewe. Kwanza, wale tunaotumwa kukusanya hadithi na nyimbo tuingie pia katika karakana na daftari, tuandike maneno ya mafundi kama wanavyoyasema, na tupige picha za mistari ya chaki kabla haijafutwa. Pili, shule zetu za ufundi zimwite mzee wa nyundo afundishe, hata kama hana diploma, na alipwe kama mwalimu. Tatu, wenye viwanda wasitupe msumeno uliokufa kwa wanunuzi wa vyuma. Wawape vijana wajifunzie juu yake, kwa sababu hakuna anayejifunza juu ya msumeno mzima.

Na kwa mzee wetu wa mkutano tunasema kwa heshima: njoo nasi asubuhi moja. Usilete hotuba. Keti juu ya gogo karibu na mlango, usikilize nyundo inavyotembea kutoka kitovu kwenda kwenye meno, utazame yule mzee anavyoinua msumeno kwenye mwanga na kunyamaza. Kisha utuambie kama huyo si mtu wa bankambo.