TV ya chogo: ijaribuni kabla ya kulipa

Kwa wanaotafuta TV ya chogo kwa sherehe ya mtindo wa zamani, nina ushauri huu. Anzeni kwa mafundi wa mtaani. Wengi wana seti zilizoachwa na wateja. Msiridhike kuona inawaka tu. Iacheni iwake kama saa nzima, maana hitilafu nyingine hujionyesha seti ikishapata joto: picha husinyaa au hucheza.

Tangu Tanzania ianze kuzima analojia Desemba 2012, antena peke yake haitoshi. Tafuteni king'amuzi au deki yenye nyaya za njano, nyekundu na nyeupe. Seti yenye tundu la antena pekee huhitaji kifaa cha kugeuza picha kuwa mawimbi, au deki ya zamani ya VHS.

Tafadhali msiifungue wenyewe. Ndani hubaki umeme mkali hata ikishachomolewa.

Zanzibar ilirusha televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi miaka ya 1990. Seti hizi ni historia yetu. Sherehe ikiisha, zitunzeni.